Nilipokaa Katikati ya Fiwi

Mpaka leo wapo watu hapa Bagamoyo wanaosema kwamba nilivunja eda ya mume wangu kwa ajili ya maharage. Wakiniuliza uso kwa uso, nina majibu mawili. La kwanza, sikuvunja. La pili, hayakuwa maharage, zilikuwa fiwi. Wengi hawaniulizi uso kwa uso, wananisema nikishapita, na hao siwezi kuwasaidia.

Shamba lenyewe liko njia ya Makurunge, ukishaacha nyumba za mwisho za mji. Nililirithi kwa mama yangu, na hilo halijawahi kubishaniwa na mtu. Linalobishaniwa ni sura yake. Mtu akimwelekeza mwenzake huko humwambia, "Ukishapita lile pori la yule mama, kata kushoto." Niliwahi kuyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nimesimama palepale na jembe begani, na msemaji hakuona haya. Ningefungua mdomo ningemtukana, na ilikuwa Ramadhani.

Mama yangu alilima vile wanawake wa kwetu wanavyolima, yaani kama anavyofagia uani. Kwetu mwanamke hupimwa kwa ufagio. Uwanja wake uwe mweupe kabla jua halijapanda, na shamba lake nalo liwe hivyo hivyo, lisionekane jani lisilo na kazi. Mahindi yakishavunwa, mabua hukusanywa yakachomwa, kunde zikang'olewa na mizizi yake, na udongo ukabaki uchi tangu mvua zinapokatika mpaka zinaporudi. Mama akilitazama shamba lake likiwa vile alikuwa akiridhika kabisa. Nami nikarithi shamba, jembe na kuridhika kwake.

Ila mchanga wa huku haukuumbwa kukaa uchi. Upepo wa kusi ukivuma unauona unavyohama, na jua la Januari likiupiga huwezi kuukanyaga peku. Mahindi ya mama nakumbuka yalikuwa yakimfunika mtu. Yangu, katika ile miaka mvua zilipoanza kutufanyia kiburi, yalikuwa yakitoa mbelewele yakiwa kimo cha kiuno, kisha yanasinyaa. Nikazidi kupalilia. Kadiri shamba lilivyokataa ndivyo nilivyozidi kulikwangua, maana ndiyo dawa pekee niliyofunzwa.

Dawa nyingine niliikuta Miono. Tulikwenda huko mimi na mume wangu kumjulia hali shangazi yake, wakati wa kiangazi kikali, kila kitu njiani kimekauka mpaka nyasi zinavunjika ukizigusa. Tulipofika, nyuma ya nyumba ya shangazi palikuwa kijani. Nasema kijani, majani mapana yametandaa ardhi nzima, maua ya zambarau yamesimama juu yake, na nyuki wanalia. Nikamuuliza, "Shangazi, unamwagilia?"

"Nimwagilie kwa mate?" akasema. "Maji ya kunywa yenyewe tunayafuata wapi!"

Zilikuwa fiwi. Fiwi nilizijua za kula, za kununua sokoni na kupika kwa nazi, lakini sikuwahi kuzitazama zikiwa ardhini. Ni jamaa ya kunde, ila kunde ikikutana na jua hilo huinua mikono, na fiwi huteremsha mzizi. Shangazi alinifungia mbegu kwenye pembe ya kanga, nyeusi, kila moja na mstari mweupe ubavuni. Akanipa na sharti: "Ukishavuna usiing'oe. Iache ilale hapo hapo."

Hilo neno la kuiacha ilale lilinikaa vibaya. Mwanamke wa kwetu haachi kitu kikalala shambani. Nilipanda hivyo hivyo, katikati ya mistari ya mahindi yalipofika magotini, mvua za masika zikiwa bado zina nguvu.

Wiki za mwanzo fiwi hudanganya. Inatoka majani mawili, matatu, kisha inakaa, na magugu yanaipita kwa dharau. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa wakasema mbegu mbovu. Nilikuwa nachuchumaa napalilia kwa mkono, shina moja baada ya jingine, kwa kuwa jembe huwezi kulipitisha bila kuikata. Kiuno kiliniuma. Halafu ghafla, mahindi yalipokuwa yanakomaa, ikaanza kukimbia. Ukigeuka leo hapa, kesho imefika kule. Kazi yangu ikawa kuiteremsha kutoka kwenye mabua ya mahindi, maana ikipata cha kupanda hupanda, na kuwafukuza mbuzi, ambao hawajawahi kuona kitu kitamu kama hicho.

Mahindi nilipoyavuna, shamba likawa lake. Mvua zikakatika, mashamba ya jirani yakageuka meupe moja moja, na langu likabaki limefunikwa. Majani ya chini yalidondoka yakawa mkeka. Ukiingiza mkono chini ya mkeka ule saa sita mchana unakuta ubaridi. Mimi niliingiza mkono siku ile nikaubakiza humo, nikakaa hivyo kama mjinga, peke yangu, kwa sababu sijawahi kuugusa mchanga wa mama yangu wakati wa kiangazi ukawa baridi.

Msimu uliofuata sikulima. Nilifungua vishimo vidogo kwenye mkeka, nikatia mahindi, nikafunika. Yalinipita kimo.

Basi, ndivyo nilivyokuwa mwanamke mwenye pori. Wanawake wa mashamba ya jirani walinishauri kwa upole, kisha kwa utani, kisha wakaacha. Mume wangu alikuwa seremala, karakana yake ipo mjini, na shambani alikuja kwa nadra, akija husimama njiani kwa kuogopa nyoka. Lakini kwa utani hakuwa na mpinzani. Nikirudi jioni miguu ina vumbi ananiuliza, "Mume mwenzangu hajambo?" Nikimpikia fiwi anaonja mchuzi na kusema mume mwenzake leo kakolea. Na zilikuwa zinakolea kweli, kwa kuwa nilijifunza kuzichemsha na kuyamwaga maji ya kwanza, yale machungu, kabla ya kutia tui. Mbegu nilizihifadhi kwenye majivu ili fukusi wasizitoboe. Alinitengenezea sanduku la mninga la kuwekea, lenye mfuniko unaobana, sanduku zuri kupita kiasi kwa kazi ile. Nikamwambia mbegu hazihitaji mninga. Akasema mume mwenzie asilale pabaya.

Aliugua masika yalipokuwa yanaisha. Aliugua muda mfupi, na katika muda huo mfupi nilikuwa na matumaini kila siku, kwa hiyo kifo kilinikuta sijajiandaa hata kidogo.

Nikakaa eda. Nasema wazi kwamba sikukaa kwa kulazimishwa. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa nyumbani kwake, hajipambi, hatii manukato wala wanja, havai nguo za rangi, na wanaume wasio maharimu zake, yaani walio halali kumwoa, hawaingii kumwona. Wapo siku hizi wanaoona huo ni mzigo. Mimi ulinifaa. Nilikuwa sina nguvu ya kuonana na watu na dini ikanipa ruhusa ya kutoonana nao. Wifi yangu, dada yake marehemu, alihamia kwangu anipikie, na shemeji yangu, kaka yao mkubwa, akachukua mambo yote ya nje. Alisimamia matanga, akasimamia khitma, akafunga karakana, akaleta unga, mkaa, dawa za kuua mbu. Akija husimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba changu, nami nikimwamkia, "Shikamoo shemeji," husema marahaba kwa sauti nzito na kuuliza nimepungukiwa nini. Sikuwa nimepungukiwa. Mtu mwema kwelikweli, na nayasema haya mapema ili ijulikane.

Shamba sikulihofia. Hilo ndilo jambo lililonishangaza katika majonzi yangu, kwamba lipo jambo moja nisilolihofia. Fiwi zilikuwa zimeshapita wakati wa kudanganya, zimeanza kukimbia. Mahindi shemeji aliyavuna na watu wake akayaleta nyumbani magunia yote. Baada ya hapo fiwi hazikuhitaji mtu. Nikiwa nimelala mchana nilikuwa naziwaza zinatambaa, nyumba kimya, na mawazo hayo ndiyo yaliyonipa usingizi. Nilijua pia kwamba nikitoka eda ndizo nitakazozitegemea. Binti yetu ameolewa Pangani na ana mambo yake. Karakana imefungwa. Mkono wangu na mchanga ule, basi.

Kumbe nje midomo inafanya kazi. Waliokuja kunipa pole walikuwa wanaingia na habari. "Tumepita shambani kwako, masikini." Masikini. "Yaani limeota, limeota! Tangu marehemu aondoke na shamba nalo limekufa." Nikawaambia ni fiwi, ziko hivyo kila mwaka. Wakanipapasa goti. Mjane akisema neno huonekana linasemwa na msiba, si na yeye.

Jambo lenyewe nililijua kwa sababu ya sufuria. Kulikuwa na sufuria langu kubwa la kupikia shughuli, liko chini ya kitanda. Asubuhi moja wifi akaja kulitoa, anapiga magoti, anasukuma, hataki kunitazama.

"La nini, wifi?"

"La kuazima tu."

"Nani anaoa?"

Akakaa sakafuni. Wifi yangu hawezi kusema uongo, anaanza kujikuna shingo. Akasema nisimwambie mtu kuwa ameniambia. Shemeji amekusanya watu. Jamaa wote, majirani, na mafundi waliokuwa wakifanya kazi na marehemu. Jumamosi wanakwenda shambani kwangu na majembe na mapanga, watakwangua lile pori lote, walikusanye, walichome, na wanawake watapika pilau palepale. Nikitoka eda, siku ya kwanza kwenda shambani, nitalikuta jeupe. Walitaka liwe jambo la kunishtukiza. "Kaka anasema haiwezekani mke wa ndugu yake atoke eda akute nyoka," akasema wifi, na machozi yakamlengalenga kwa jinsi jambo lilivyo zuri.

Ilikuwa kiangazi hasa, vuli bado sana. Ukikwangua wakati ule, mchanga unabaki uchi mdomoni mwa upepo, na mkeka wa miaka ile yote unakuwa jivu kabla ya pilau kuiva. Maganda ya mbegu yalikuwa bado yananing'inia, hayajakauka. Kwenye sanduku la mninga palikuwa na akiba ya viganja viwili. Mwizi angekuja ningepiga kelele za mwizi. Mtu anayekuja kukuangamiza na sufuria la pilau unampigia kelele gani?

Nikaagiza shemeji aitwe. Alikuja baada ya alasiri, akasimama nyuma ya pazia. Nilimwamkia, akaitikia.

"Shemeji," nikasema, "nimesikia kuhusu Jumamosi. Mungu akulipe kheri. Lakini usiende."

"Nani kakwambia?"

"Kuta. Shemeji, lile si pori. Zile ni fiwi zangu, nimezipanda kwa mkono. Ndizo zinazoushika mchanga."

"Shemeji yangu," akasema kwa upole, upole ule wa kumsemesha mtoto mwenye homa, "mimi nimekuzidi umri, nimelima kabla hujaolewa. Shamba nalijua na pori nalijua. Nimekwenda kwa miguu yangu. Hapapitiki."

"Hapatakiwi kupitika."

"Watu wanasema tumekutupa. Wanasema ndugu yake hata mwaka hana, mke wake ameachiwa msitu. Unataka niishi nayo hayo?"

"Waambie mimi ndiye niliyesema liachwe."

"Nitawaambiaje hivyo? Watasema eda imekuchanganya akili." Akakohoa. "Wewe tulia. Hii si kazi yako sasa. Wema hauozi."

Wema hauozi, ni kweli. Nilitamani nimwambie kuwa kuna wema unaoozesha wengine, lakini alishaaga, nasikia ndala zake zinakwenda. Nilikasirika. Nilikasirika zaidi kwa kuwa sikuwa na wa kumkasirikia. Mtu anakupenda, anakuheshimu, anamlilia aliyekufa, na anakuja kukuchomea shamba.

Siku ya pili nikamwomba wifi aniitie bi mwalimu, anayetufundisha wanawake darasa la Alhamisi. Alikuja, akavua viatu, akakaa mkekani. Nikamuuliza moja kwa moja: mjane aliye katika eda anaweza kutoka?

"Kwa haja, mchana, anaweza," akasema. "Arudi alale nyumbani kwake. Haja ni kama tiba, au mali yake ikiwa inaharibika na hana wa kumkingia."

"Mali yangu inaharibika. Na anayeiharibu ndiye wa kunikingia."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunipapasa goti, na kwa hilo nitamwombea dua maisha yangu. Mwishoni akasema, "Ruhusa unayo. Ila ujue watu hawatauliza kama una ruhusa. Watauliza kwa nini ulionekana." Akaongeza, "Na mimi sitapita nyumba kwa nyumba kukutetea."

"Sikukuomba hilo, bi mwalimu."

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa tupu. Wifi alikwishaondoka na sufuria. Nilivaa nguo zangu nyeupe za eda, nikajitanda, nikafunika uso, nikasimama mlangoni kwa muda. Ilikuwa miezi mitatu sijakanyaga nje ya uzio. Nuru iliniumiza macho. Nikamsimamisha dereva wa bajaji, akaona mavazi yangu, akajua, na njia nzima hakunitazama hata kwenye kioo. Mlangoni pa duka la jirani mazungumzo yalikatika. Nikasema moyoni, haya, kateni.

Nilipofika, sauti nilizisikia kabla ya kuona. Walikuwa wanaimba. Wanaume wengi kuliko nilivyodhani, wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na kona ya chini ya shamba ilikwisha kukwanguliwa. Pale palikuwa peupe kama uani kwa mama. Fiwi zilizong'olewa zilikuwa lundo, majani yameanza kulegea, maua bado yako juu yake. Mtu mmoja alikuwa anatafuta kibiriti mifukoni. Upande wa barabara wanawake wako na masufuria, harufu ya bizari imetanda. Kazi nzuri, ya furaha, ya kumtukuza marehemu. Mafundi wake niliwaona mmoja mmoja nikawatambua kwa migongo.

Nilipita pembeni ya mstari, nikaingia kwenye fiwi mbele ya majembe yao, zikanifika magotini, nikaenda mpaka katikati. Nikakaa chini.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini, maana nilikuwa sijapanga. Nyimbo zilikatika. Kila mwanaume pale aliinamisha uso au akageuka. Mwanamke aliye katika eda hatazamwi, hasogelewi, haguswi na mwanaume asiye maharimu wake, na kati yao hakuwamo hata mmoja aliye maharimu wangu. Hawakuweza kunitoa. Hawakuweza kulima wakinizunguka. Hawakuweza hata kunitazama waone kama ninainuka. Majembe yote yale, na kila jembe limeshikwa na mtu anayetazama barabarani. Eda waliyonifungia ndani ndiyo niliyowafungia nje.

Nikasikia shemeji, amenipa mgongo, anasema na wanawake: "Mwendeeni. Mchukueni. Mwenzenu amepatwa."

Akaja wifi, anakanyaga kwa kunyanyua miguu juu kwa hofu ya nyoka. Akanishika mkono. "Wifi, inuka. Unatuvua nguo."

"Mkono wangu huo. Nivute basi, wote waone unamburuta mwenye eda."

"Haki ya Mungu wewe!"

"Keti, wifi. Chini hapa baridi."

Hakuketi. Aliuachia mkono wangu, akasonya, akarudi kwenye masufuria huku anajikuna shingo. Nikasikia sauti ya mwanamke mwingine ikisema ndiyo shukrani ya punda hiyo. Nikamtambua kwa sauti. Bado namwamkia, na bado hanijibu vizuri.

Tulikaa hivyo. Jua lilipanda. Pilau ikaanza kuungua chini na hakuna aliyeipakua. Nikawa nimetazama lile lundo, na maua yake, na ghafla nikaanza kulia. Mazikoni sikulia. Wakati wa matanga sikulia, watu waliniambia nina subira nzuri. Sasa nililia kwa sauti, mchanga mzima unasikia, sikujali nani yuko wapi. Watu wanasema nililia kwa ajili ya fiwi. Ndiyo. Na nilimlilia mume wangu, aliyekuwa akiziulizia hali kila jioni. Mimi mwenyewe siwezi kutenganisha yapi yalikuwa ya nani, na sioni kwa nini nitenganishe.

Nilipotulia kidogo nikasikia sauti ya shemeji. Alikuwa bado amenipa mgongo, jembe amelisimamisha mbele yake, mikono yote miwili juu ya mpini. Hakuwa anasema na mimi. Sijui alikuwa anasema na nani.

"Sasa nitamfanyia nini?" alikuwa anasema. "Nitamfanyia nini ndugu yangu?"

Na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mimi nilikuwa na eda. Nilikuwa na chumba, na pazia, na miezi ya kulala mchana, na watu wa kuniletea uji. Yeye alimzika mdogo wake, akakaa matanga siku tatu kwenye jamvi anapokea mikono ya watu, na siku ya nne akaamka akaenda kufunga karakana. Wanaume hawana eda. Tangu siku ile alikuwa anabeba unga na mkaa, anahesabu viti vya khitma, anatafuta kitu kingine cha kubeba, na vilipokwisha ndipo akaliona shamba langu. Kwake lile halikuwa pori. Ilikuwa kazi iliyobaki ya kumfanyia ndugu yake, na mimi nimeikalia.

Nilijua kwamba nikisimama tu, nikiondoka pale polepole mpaka kwa wanawake, atalima. Atalima mpaka jioni bila kula, atalia ndani ya jasho bila mtu kumwona, na usiku ule huenda angelala. Jambo dogo tu, la kusimama. Nilimhurumia vile ambavyo sijamhurumia mtu yeyote tangu nizaliwe, na Mungu ndiye shahidi wangu.

Sikuinuka.